Lugha, Daftari na Sababu za Vifo: Suala la Kuwafunza Watafiti, kwa Kuitazama Karagita

Karagita ni mtaa ulioko kando ya barabara ya kusini ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Wengi wa wakazi wake walivutwa huko na kazi ya mashamba ya maua, nao wametoka pande nyingi za Kenya. Mtafiti anayekusudia kuchunguza watu wa mahali kama hapo wamekuwa wakifa kwa maradhi gani, na kwa nini wengine hufa mapema kuliko wenzao, kwa kawaida hufunzwa takwimu kwanza. Hapana ubaya. Lakini hesabu hufanywa juu ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, na yafaa ajue kwanza ni nani aliyaandika, na ni nani hakuandikwa kabisa.

Uandikishaji wa vifo ulianza Kenya mwaka 1904, ukiwahusu Wazungu. Mwaka 1906 ukawafikia Wahindi. Kwa Waafrika, sharti la kuandikisha lilianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 1963, na ni mwaka 1971 tu ndipo lilipoenea nchi nzima. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka 60, mlowezi aliyefia kando ya ziwa hilo alipasa kuandikwa, ilhali sheria haikumdai mtu yeyote aandike kifo cha mchungaji wa ng'ombe wake. Hata reli iliyopita Naivasha ilikuwa na hesabu ya namna hiyo: Wahindi walioletwa kuijenga walihesabiwa kuwa 31,983, na waliokufa miongoni mwao 2,493. Waafrika waliochimba tuta hilohilo hawana hesabu inayolingana na hiyo. Mwanafunzi asiyefundishwa mambo haya ataona vifo vya Waafrika vikiongezeka ghafla baada ya mwaka 1963, kumbe kilichoongezeka ni wino.

Wala daftari la leo halikuepukana na matatizo. Kifo huandikwa mahali kilipotokea. Kibarua wa Karagita akizidiwa na ugonjwa, akarudishwa kwao Siaya au Vihiga kuuguzwa, akafia huko, basi kifo chake ni cha Siaya au cha Vihiga. Nayo Naivasha huonekana penye afya kuliko ilivyo. Akifia nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu, ambaye si tabibu, naye huandika alilosikia.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na ndipo mafunzo mengi yanapopungukiwa. Kwa wale waliokufa bila ya kuonwa na daktari, watafiti hutumia mahojiano na jamaa wa marehemu, kisha kutokana na dalili walizosimuliwa hukisia sababu ya kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa hojaji sanifu ya kazi hiyo mwaka 2007, na njia hii imetumika Kilifi na pia Korogocho na Viwandani, mjini Nairobi. Hojaji ni sanifu. Mfiwa hajibu kwa Kiswahili sanifu. Mathalani neno homa. Kwa mtu wa pwani homa ni joto la mwili. Kwa wengi wa bara la Kenya ni mafua, na mwili ukiwa moto husema ni malaria, hata kama si malaria. Kichomi ni maumivu ya kuchoma kifuani au ubavuni, lakini kwa wengine ndiyo nimonia yenyewe. Degedege la mtoto, lifahamikalo sana pwani na Tanzania, wazazi wengi hawakulihesabu kuwa ni malaria. Walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Neno hilo likiulizwa Karagita, huenda anayeulizwa asilitambue, na jibu litaandikwa kuwa ni hapana.

Jambo zito zaidi ni chira. Kwa Wajaluo, chira ni hali ya kukonda na kudhoofika impatayo mtu aliyevunja mwiko, na katika miaka ya 1980 na 1990 wengi waliokufa kwa ukimwi walisemwa kuwa wamekufa kwa chira. Mhojaji akiandika "uchawi", amekosea mara mbili: chira si uchawi, na kule kukonda, ambako ndiko dalili yenyewe, kumepotea. Serikali ya Kenya iliutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Kabla ya hapo, na hata baadaye, familia zilisitiri vifo hivyo kwa maneno kama "aliugua kwa muda mrefu", nayo si maneno ya kudharauliwa. Ni heshima kwa marehemu, na mhojaji mwenye adabu hawezi kuyabomoa kwa swali moja.

Basi zoezi la kwanza la mwanafunzi lingefaa kuwa lile la kuuliza bila kutaja jina la ugonjwa. Ampe mfiwa pole, anyamaze kidogo, kisha aanze: Mama, alipoanza kuugua alikuwa vipi? Mwili ulikuwa wa moto? Alitetemeka? Alikohoa siku ngapi, na nguo zilianza kumpwaya lini?