Mwano, Sheria na Shamba: Historia ya Ulinzi wa Vijiji vya Usukuma

Ninyi mliokusanyika Lamadi, na wenzenu wa Bariadi na vijiji vyote vya Simiyu, karibuni katika somo letu la historia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mwano, sheria, shamba. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Mtakayeyashika maneno haya matatu mtakuwa mmelishika somo la leo.

Wengi hudhani historia ni habari za wafalme na nchi za mbali. Sivyo. Historia ya leo ilipita katika nyua zenu wenyewe, na baadhi ya wazee mlioketi hapo mliiona kwa macho. Swali letu ni hili: vita vikiisha, nani hulinda ng'ombe wa mtu? Tena, nani atamzuia jirani asipande mmea unaoharibu watoto wa wenzake?

1. Baada ya vita

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaiteka nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tanzania ikapigana. Wanajeshi, mgambo, polisi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa wakaenda. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatekwa na majeshi yetu pamoja na Waganda waliompinga Amin.

Tulishinda, lakini ushindi una gharama yake. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee watakumbuka maduka ya siku zile: hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna khanga. Pamba iliuzwa, lakini fedha yake haikupata kitu cha kununua. Na bunduki zilizotumika vitani hazikurudi zote ghalani. Nyingine ziliingia mikononi mwa wezi.

Basi wizi wa ng'ombe ukazidi, katika Usukuma na katika Mara. Zamani mwizi alikuja usiku kwa kunyata. Sasa alikuja na bunduki, akaswaga zizi zima. Na kwa Msukuma ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari ya mtoto, ndiye jembe la kukokota. Akiibwa, jamaa nzima imeanguka.

Wakati ule Mkoa wa Simiyu haukuwapo bado. Ulianzishwa mwaka 2012. Lamadi ilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Vituo vya polisi vilikuwa vichache, magari machache, na petroli ilikuwa shida. Mtu aliyeibiwa usiku aliweza kufika kituoni kesho yake jioni. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchinjwa.

2. Mwano na filimbi

Sasa tulisome neno la kwanza: mwano. Kwa Kisukuma ni ule ukelele wa hatari, yaani yowe. Aliyeusikia hakuuliza, "Nimhurumie nani?" Alishika silaha yake akakimbia.

Karibu na mwaka 1982, katika vijiji vya upande wa Kahama na Nzega, watu walikata shauri kuufufua mwano kwa utaratibu mpya. Walijiita Basalama, yaani watu wa amani. Wengi waliwajua kwa jina la Sungusungu. Sungusungu ni sisimizi mkubwa mweusi aumaye. Mmoja ni mdogo, humkanyaga bila kujua. Lakini wakija kundi, hata tembo huondoka.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja, na kila mmoja alikuwa na upinde, mishale na filimbi. Ng'ombe wakiibwa, filimbi ililia. Watu walifuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha pili, watu wa kijiji kile walipokea kazi, wakazifuata hadi kijiji cha tatu. Mwizi mwenye bunduki aliweza kuwashinda watu kumi. Hakuweza kuwashinda watu wa vijiji kumi. Asiyeitikia mwano alitozwa faini. Mwenye kosa akikataa kutii, alitengwa: hakuna wa kumpa moto, maji wala salamu. Ndugu zangu, kijijini adhabu hii ni nzito kuliko fimbo.

Mwaka 1963 Serikali ilikuwa imekwisha kuondoa utawala wa machifu. Mwaka 1974 watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, wakawa majirani wasiozoeana. Lakini angalieni jambo la ajabu: walinzi hawa walimwita kiongozi wao mtemi, jina lile lile la chifu wa zamani. Watu walitumia kamba ya kale kufunga mzigo mpya. Ulinzi huu ukaenea Shinyanga, Tabora na Mwanza, na miaka ya 1990 ukafika hata Tarime kwa Wakurya. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana mahali pengi.

3. Makosa mawili

Hapa ningeweza kumaliza somo na kuwasifu wazee wetu. Lakini historia ikisemwa nusu ni uongo. Basi tutazame makosa mawili, moja la Serikali na moja la wananchi.

Kwa kosa la kwanza, turudi nyuma kidogo, kabla ya vita. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya watu walioshukiwa kuwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Mwaka 1976 dola ilifanya msako mkubwa wa wauaji. Nia ilikuwa njema. Lakini baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine walikufa kizuizini. Habari zilipojulikana, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Alikubali kwamba mkubwa hujibu kwa yaliyotendwa chini yake.

Kosa la pili ni la walinzi wa jadi. Mahali pengine Sungusungu hawakukomea kwa mwizi. Walimpiga mshukiwa mpaka akakiri, na mtu aliyepigwa hukiri hata asilolitenda. Mahali pengine walimfuata bibi kizee mwenye macho mekundu, wakamwita mchawi. Akina mama mnaonisikiliza, ninyi mwajua macho yale yanatoka wapi. Yanatoka katika moshi wa kuni na wa samadi, miaka hamsini ya kupikia watoto na wajukuu. Mwanamke aliyewalisha watu akahesabiwa adui yao.

Mwalimu, onyesha neno la pili ubaoni: sheria. Makosa haya mawili ni ndugu. Polisi peke yake, bila kusimamiwa, walidhulumu. Wananchi peke yao, bila kusimamiwa, walidhulumu vile vile. Ndiyo maana mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na walinzi wa jadi kama Sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata mtuhumiwa. Hawakupewa uwezo wa kuhukumu. Kukamata ni kazi yao, kuhukumu ni kazi ya mahakama. Na Rais wa nchi mwaka ule alikuwa nani? Alikuwa Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyejiuzulu kwa sababu ya watu walioteswa Usukuma.

Baadaye, kuanzia mwaka 2006, Mkuu wa Jeshi la Polisi, Said Mwema, alihimiza mpango wa polisi jamii. Shabaha yake ni hiyo hiyo: askari na mwananchi walinde pamoja, na sheria iwalinde wote wawili.

4. Shamba lisilo na mwano

Tumefika neno la tatu: shamba. Ninyi wa Lamadi mwakaa njia panda. Barabara moja huenda Bariadi. Nyingine hutoka Sirari mpakani, hupita Tarime, Musoma na Lamadi, ikaenda Mwanza. Basi mambo ya Tarime si mambo ya mbali kwenu. Gari litokalo huko kwa barabara kuu kwenda Mwanza hupita mbele ya milango yenu.

Katika Wilaya ya Tarime, mabondeni karibu na mto Mara, watu wengine wamelima bangi kwa miaka mingi, pengine katikati ya mahindi ili isionekane. Mataifa yaliiingiza bangi katika mapatano ya kudhibiti dawa za kulevya huko Geneva mwaka 1925. Tanzania ilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, na nyingine kali zaidi mwaka 2015. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilianza kazi mwaka 2017. Mwaka 2023 iliendesha operesheni Tarime, mashamba yakafyekwa na bangi ikachomwa moto. Watu wamehukumiwa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kulima bangi.

Sasa fikirini. Mwano uliwashinda wezi wenye bunduki. Mbona haukuishinda bangi upesi hivyo? Sababu ni moja. Mwizi akichukua ng'ombe, mwenye ng'ombe hulia. Shamba la bangi halina wa kulia. Mlimaji anafurahi, mnunuzi anafurahi, na jirani anasema, "Si ng'ombe wangu." Atakayelia ni mama wa kijana aliyeharibika akili, na pengine yuko mji mwingine, kilio chake hakifiki bondeni.

Tena kuna jambo la tumbo. Mkulima wa pamba hupalilia, huchuma, hubeba mpaka kituo cha kununulia, kisha hungoja bei aliyopangiwa na wengine. Mnunuzi wa bangi huja usiku na fedha mkononi. Wazee wetu wamesema, mwenye njaa hana miiko. Sisemi njaa huhalalisha kosa. Nasema kwamba anayefyeka mmea bila kuangalia njaa atafyeka tena mwaka ujao.

Nchi nyingine zimejifunza hivyo. Huko Kolombia, Amerika ya Kusini, Serikali na wapiganaji waitwao FARC walitia sahihi mapatano ya amani mwezi wa Novemba 2016, baada ya vita vya miaka zaidi ya 50. Jamaa karibu 99,000 zilikubali kung'oa koka, mmea wa kutengenezea dawa ya kulevya, nazo zikaahidiwa fedha na msaada wa kulima mazao mengine. Wengi waling'oa. Lakini msaada wa mazao mapya ulichelewa, na katika sehemu zilizoachwa na FARC wakaingia watu wengine wenye silaha. Kufikia mwaka 2022 koka nchini humo ilikuwa nyingi kuliko siku ya mapatano. Tailandi ilikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1969, katika milima iliyolimwa afyuni, Mfalme Bhumibol alianzisha mpango wa kuwapa wakulima kahawa, matunda na mboga. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, lakini afyuni ilipungua hata ikawa kidogo sana.

5. Mwisho wa somo

Ndugu wanafunzi, tukusanye tuliyojifunza. Mwano peke yake hugeuka ghasia. Sheria peke yake haina macho ya usiku. Na vyote viwili havitoshi kama shamba halimlishi mwenyewe. Amani baada ya vita husimama juu ya mafiga matatu, kama chungu jikoni. Ondoa moja, uji umemwagika.

Kesho mtu akikuambia, "Bangi ya jirani si ng'ombe wangu," mjibu kwa historia hii. Mpelekee habari mwenyekiti wa kijiji au askari, wala usimpige jirani. Na katika mkutano wa kijiji uliza pia habari za bei ya pamba, mbegu na Bwana Shamba. Hayo nayo ni maneno ya ulinzi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini watu wa vijiji waliitwa Sungusungu? Mzee mmoja aeleze alivyousikia mwano.
2. Kukamata na kuhukumu vina tofauti gani? Toeni mfano.
3. Kwa nini bibi kizee huweza kuwa na macho mekundu? Kijiji chenu kitamlindaje?
4. Andikeni sentensi tatu, kila mmoja katika daftari lake: ningemwambia nini jirani anayelima bangi, na ningemsaidiaje apate zao jingine?

Mwalimu, wape dakika 20 za kuzungumza. Kwaherini mpaka juma lijalo.