Corolla ya zamani: gari la kwanza la jamaa nyingi za Kivu lilitoka wapi?

Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa mingi ya Goma waondoke. Barabara ya Sake ikajaa watu. Wenye gari dogo walipakia watoto, magodoro na masufuria. Wengine walikwenda kwa miguu. Tangu hapo vita imewaondoa watu nyumbani tena na tena. Kwa jamaa ya hapa, gari la kwanza si la kujionyesha. Feza ya miaka mingi inaingia humo, na likikataa kuwaka siku ya kukimbia, hasara si ya feza peke yake.

Mashariki mwa Congo wengi huanza na Toyota ya zamani, mara nyingi Corolla. Historia yake inaeleza sababu.

Corolla ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1966, ikiwa na injini ya cc 1100. Mhandisi wake mkuu, Tatsuo Hasegawa, alikuwa mtu wa kuchora ndege kabla ya kuingia kwenye magari. Alitaka gari ambalo jamaa ya kawaida inaweza kununua, lisilo bora sana upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Bei ya petroli ilipopanda duniani mwaka 1973, magari madogo yasiyokunywa sana yakatafutwa kila mahali. Mwaka 1997 jina Corolla liliipita Volkswagen Coccinelle kwa wingi wa magari yaliyouzwa duniani.

Lakini kwa nini Mjapani auze gari ambalo bado linatembea? Jibu liko kwenye sheria yao. Huko gari jipya la mtu binafsi hupimwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Upimaji huo, unaoitwa shaken, ni wa gharama, na gari la esansi likipita miaka 13 kodi yake hupanda. Wengi huona afadhali kununua jipya. La zamani hupandishwa meli, hushuka Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupita Uganda au Rwanda hadi Kivu. Kwa hiyo gari la miaka 20 linaweza kuwa na injini nzuri bado: liliachwa kwa sababu ya kodi, si kwa sababu limekufa.

Safari hiyo ilileta shida moja. Japani, Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto, na volani iko kuume. Congo huendesha upande wa kuume tangu wakati wa Wabelgiji. Hapa dereva wa Corolla hukaa kando ya barabara, na akitaka kupita lori haoni mbele vizuri. Abiria wa mbele naye hushukia katikati ya barabara. Mwenye gari la namna hiyo hujifunza kusubiri.

Faida nayo ni kubwa. Kwa kuwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zimejaa magari yale yale, vipuri vyake hupatikana, vipya na vilivyotumika, na fundi wa garaji anazijua injini zake. Gari la fahari ambalo hakuna fundi anayelijua linaweza kulala uani miezi mingi likingoja kipande kimoja.

Basi anayechagua aangalie nini? Kwanza, namba ya shasi ifanane na ile ya karatasi. Wakati wa vita magari huuzwa haraka na kwa bei ndogo, na mwenyewe anaweza kurudi kulidai. Pili, alale chini aangalie kutu: kaskazini mwa Japani chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula chuma kwa chini wakati rangi ya juu inang'aa. Tatu, Corolla za miaka ya 1990 za esansi huendesha valvu kwa mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari linasimama palepale. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, bei ya mkanda mpya ihesabiwe ndani ya bei ya gari. Mwisho, gari liwashwe asubuhi likiwa baridi, si baada ya muuzaji kulizungusha.

Hasegawa alichora gari la jamaa ya Japani iliyotaka kutoka matembezi. Kivu, gari hilo hilo hupeleka mgonjwa hospitali usiku, mihogo sokoni, na wahami kule wanakotafuta usalama. Siku amani ikirudi, ndilo litakalobeba magodoro kurudi nyumbani.