Cicero chini ya Zaburi

Katika Maktaba ya Vatikani kuna kitabu kijulikanacho kwa namba yake tu: Vat. lat. 5757. Ukikifungua unakutana kwanza na Agostino akifafanua Zaburi, kwa mwandiko wa karne ya 7. Chini ya mwandiko huo, kwa herufi kubwa za karne ya 4 au ya 5, yumo Cicero na De re publica, mjadala wake wa vitabu sita kuhusu dola na haki, uliotolewa mwaka 51 kabla ya Kristo.

Hakuna aliyemfunika Cicero kwa chuki. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, na nakala yake ilikuwa ya kifahari kupita kiasi: kila ukurasa safu mbili, kila safu mistari 15 tu. Kwa mtawa aliyehitaji kunakili ufafanuzi wa Zaburi, hiyo ilikuwa ngozi nyingi iliyokaa bure. Kitabu kikafumuliwa, wino ukaoshwa, kurasa zikapangwa upya bila kujali ipi ilitangulia ipi. Hata watoto wa chuoni huku pwani waliosha ubao ili waandike aya nyingine. Ila wino wenye chuma ukishaingia kwenye ngozi hautoki wote.

Nakala hiyo ilikaa katika monasteri ya Bobbio, kaskazini mwa Italia, hadi ilipopelekwa Roma mwaka 1618. Petrarca, aliyekuwa bingwa wa kufukua maandiko ya Kilatini, alikuwa ameitafuta De re publica asiipate. Mwaka 1819 Angelo Mai, msimamizi mpya wa maktaba, akaitambua. Alipoichapisha mwaka 1822 sifa zake zilikuwa zimeshaenea Ulaya nzima. Mshairi Leopardi alikwisha kumtungia shairi.

Sasa tuje kwenye madoa yaliyo kwenye kurasa hizo. Mai alipaka kurasa maji yaliyotengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni. Tanini iliyomo humo hukutana na mabaki ya chuma kwenye ngozi, na maandishi yaliyofifia huwa meusi tena. Furaha hiyo haidumu. Baada ya muda dawa yenyewe hugeuka kahawia, ikayameza maneno iliyoyaibua na kuichosha ngozi. Simlaumu kwa kutumia dawa. Kupiga picha kulikuwa bado, na taa za miale isiyoonekana kwa jicho hazikuwapo. Lakini mtu anayesoma kwa namna inayochafua ukurasa anawanyima wajao nafasi ya kumsahihisha, na hilo msomi wa kiwango chake alipaswa kuliwaza.

Waliokuja baadaye walilazimika kuliwaza. Franz Ehrle, aliyeiongoza maktaba hiyohiyo, alitibu kwa gelatini kurasa za kale zilizokuwa zikioza, na mwaka 1898 alifanikisha mkutano wa St. Gallen, Uswisi, kuhusu uhifadhi wa maandiko. Mwaka 1934 Giovanni Mercati akatoa nakala ya picha za Vat. lat. 5757 nzima.

Kurasa zenyewe hazitoshi kutupa kazi nzima ya Cicero. Zilizobaki ni karatasi 151 za ngozi: nyingi za vitabu viwili vya kwanza, sehemu ya cha tatu, vipande vichache vya cha nne na cha tano. Cha sita hakimo kabisa. Mwisho wake, Ndoto ya Scipio, tunao kwa sababu Macrobius aliuandikia ufafanuzi, na ukanakiliwa pamoja na kazi yake Zama za Kati zote bila kuhitaji dawa yoyote.