Dola na Bonde la Mtakatifu Yoakimu

Katika masoko ya Goma na ya Masisi bei ya ng'ombe au ya kiwanja mara nyingi hutajwa kwa dola. Neno hili lilitoka wapi? Wengi watajibu: Marekani. Lakini Wamarekani nao walilipokea kwa wengine. (Tusilichanganye na lile neno dola lenye maana ya serikali; hilo asili yake ni Kiarabu.)

Mnamo mwaka 1516 madini ya fedha yaligunduliwa katika milima ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Mji wa wachimbaji ukajengwa upesi, ukaitwa kwa Kijerumani Joachimsthal, yaani Bonde la Yoakimu, kwa heshima ya baba yake Bikira Maria. Mabwana wa nchi, jamaa ya Schlick, wakapiga huko sarafu kubwa zenye sura ya mtakatifu huyo. Watu wakaziita Joachimsthaler. Jina refu huchosha ulimi. Basi wakalikata mbele, likabaki Thaler, yaani “ya bondeni”.

Waholanzi walilichukua kwa Wajerumani, wakalitamka daalder. Tangu mwaka 1575 walipiga daalder yenye picha ya simba, nayo ikavuka bahari pamoja na wafanya biashara wao hata Amerika. Waingereza, waliolisikia kwa Waholanzi na kwa Wajerumani wa kaskazini, wakasema dollar. Mwaka 1792 Marekani iliweka jina hilo katika sheria ya fedha zake. Pwani yetu ya mashariki nayo ilijua ndugu ya sarafu hiyo: Thaler ya Malkia Maria Theresia, yenye tarehe ya 1780, ambayo watu wa Unguja waliiita riale.

Basi, njiani jina la mtakatifu lilipotea, na wachimbaji wakasahauliwa. Daktari Georgius Agricola alianza kuwatibu watu wa Joachimsthal mwaka 1527. Katika kitabu chake juu ya madini, kilichotolewa mwaka 1556, alieleza jinsi vumbi la migodi linavyoingia mapafuni mwa wachimbaji na kuwazuia kupumua.

Nasi tunayo milima yetu. Huko Rubaya watu huchimba koltani, na bei yake huhesabiwa kwa dola. Kila tunapolitaja neno hilo tunasema “ya bondeni”, ingawa hatujui. Tuwakumbuke basi walio bondeni, wa zamani na wa leo, ambao mikono yao hushika sululu kabla ya mikono mingine kushika noti.