Globu ya Skrubu, Globu ya Pini

Ukienda duka la vifaa vya umeme Nguvumali, mjini Tanga, kununua globu, muuzaji atakuuliza kwanza: ya skrubu au ya pini? Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Globu ya kusokota ilitoka kwa Edison wa Marekani, ikaingia Ujerumani kupitia kampuni aliyoianzisha Emil Rathenau mwaka 1883, ambayo baadaye iliitwa AEG. Waingereza walishika ile ya pini mbili, ya kusukuma kisha kuzungusha kidogo. Tanga ilitawaliwa na wote wawili: Wajerumani hadi Julai 1916, halafu Waingereza. Ndiyo maana mtunza makumbusho wa pwani hii akiletewa globu kuukuu isiyo na maelezo, huanza kwa kuigeuza atazame kitako.

Kisha inabidi ajue umeme ulifika lini na wapi. Kampuni ya umeme ya Kenya huanzisha historia yake mwaka 1875, Sayyid Barghash wa Unguja aliponunua jenereta ya kuangaza jumba lake na mitaa ya jirani. Kama mwaka huo ni sahihi, taa zile hazikuwa globu, maana globu ya uzi ilifanikiwa mwaka 1879, kwa Joseph Swan kule Newcastle na kwa Edison kule Menlo Park. Kabla ya hapo taa ya umeme ilikuwa mwako mkali unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Mwaka 1908 jenereta ya Barghash ilichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa. Mwaka huohuo Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam, kwa karakana za reli na sehemu ya mji. TANESCO iliundwa mwaka 1931, na kituo cha Maporomoko ya Pangani kikaanza kazi mwaka 1936, kikiulisha mji wa Tanga na mashamba ya mkonge.

Sasa tuutazame uzi wenyewe, maana humo ndimo mna utamu wa kazi hii. Nyuzi za miaka ya mwanzo zilikuwa mimea iliyochomwa mpaka ikabaki kaboni: pamba kwa Swan, mwanzi wa Kijapani kwa Edison. Kwa mtu wa Tanga hilo linagusa. Miche 62 tu ya mkonge ndiyo iliyofika hai kwa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, na kutokana nayo mkoa mzima ukaishi kwa nyuzi za mmea. Uzi wa kaboni ni mnene na mweusi, mara nyingi umejipinda kitanzi kimoja au viwili. Ukiona waya mwembamba uliopandishwa na kushushwa mara nyingi juu ya vikulabu, zaidi ya nusu mita ndani ya kioo kidogo, huenda hiyo ni tantali ya Siemens, iliyotoka mwaka 1905. Tungsteni ya kuvutwa ilikuja baada ya kazi ya William Coolidge mwaka 1910, na globu za kujazwa gesi mwaka 1913.

Kuna mitego, na ndiyo inayowapotosha wengi. Globu za kaboni ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya tungsteni kushinda, hivyo uzi mweusi peke yake hauthibitishi uzee. Tazama utosi: ncha ya kioo iliyochongoka ni alama ya mahali hewa iliponyonywa, na kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga, viwanda vilihamishia kazi hiyo chini, ndani ya kitako. Mtego mkubwa zaidi ni jina la Osram. Lilisajiliwa Ujerumani mwaka 1906, likaunganisha osmiamu na wolframu, yaani tungsteni, lakini kampuni ya GEC ya Uingereza nayo ilitengeneza globu kwa jina hilohilo. Osram ya pini yenye maandishi ya Uingereza si ya kiwanda cha Kijerumani.

Kama uzi hauonekani vizuri, usiiwashe. Pima ukinzani kwa mita. Globu ya tungsteni ya wati 60 kwa volti 230 ikiwa baridi husoma omu sabini hivi, na ikiwaka ukinzani hupanda zaidi ya mara kumi. Kaboni ni kinyume: ya nguvu hiyohiyo husoma zaidi ya omu elfu moja ikiwa baridi, na ukinzani hushuka inapopata moto.

Wala usiifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuipiga picha. Mihuri mingi ilikuwa ya wino tu, na humo ndimo mna volti na mwanga. Wajerumani wa zamani waliandika HK, kipimo cha mshumaa, badala ya wati. Aliyeileta aulizwe ilitoka wapi: nyumba ya mjini, shamba la mkonge, au meli. Meli ilijizalishia umeme wake, na globu iliyoandikwa volti 110 haikuwekwa kwenye holda ya waya wa volti 230.