Kushika mshipa: kutoka Galen na Ibn Sina mpaka mashine ya uongo



Kila baada ya muda huibuka habari kwamba kumepatikana mashine ya kusoma mawazo ya mtu, na kila mara tunaipokea kana kwamba ni jambo jipya kabisa. Mimi nafundisha historia ya tiba huku ughaibuni, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na leo naomba niwachokoze kidogo. Kazi hii ni kongwe mno, na sehemu yake bora ilifanywa zamani kwa vidole tu, bila waya wala umeme.

Twende Roma, karne ya 2. Galen, tabibu wa Kiyunani kutoka Pergamon, aliitwa kumtazama mwanamke mmoja asiyepata usingizi. Anagaragara kitandani, akiulizwa swali hajibu, na homa hana. Wakati Galen yupo pale akaingia mtu aliyetokea kwenye maonyesho, akasema kamwona Pylades akicheza. (Pylades alikuwa mchezaji ngoma mashuhuri wa mjini.) Uso wa mgonjwa ukabadilika rangi. Galen akamshika mkono, akakuta mshipa unakwenda ovyo ovyo.

Sasa mimi ninachompendea mzee huyu ni kwamba hakusema hapo hapo, "Haya, nimeshajua." Siku ya pili alipanga mtu aje kusema kwamba anayecheza leo ni Morphus. Mshipa ukatulia. Siku ya tatu akatajwa mchezaji mwingine tena, mshipa vile vile. Siku ya nne akarudishwa Pylades, na mshipa ukaruka. Hapo ndipo Galen alipotamka kwamba bibi yule hana ugonjwa, ana mapenzi.

Miaka kama 800 na zaidi baadaye, Ibn Sina katika Qanun yake aliingiza mapenzi, ishiki, miongoni mwa maradhi ya kichwa, pamoja na majonzi na kukosa usingizi. Akaeleza namna ya kumjua mpenzi anayefichwa. Mshike mgonjwa mshipa, mtajie majina mengi, na pale mshipa utakapobadilika rudia jina lile mara kadhaa. Kisha taja mitaa, nyumba, kazi na nasaba, ukiunganisha kila kimoja na jina lile, mpaka ujue ni nani na anakaa wapi. Hakudai kwamba mshipa unasema. Alichofanya ni kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe, jina kwa jina, tena kwa kurudia. Naomba mlishike hilo, maana yaliyofuata karibu yote yanategemea kama watu walilikumbuka au walilisahau.

Sisi pwani tulikuwa na njia yetu pia, na haikuwa ya upole namna hiyo. Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyehamia Rabai mwaka 1846, aliandika juu ya viapo vya Wamijikenda. Kulikuwa na kiapo cha shoka la moto, na kulikuwa na kile ambacho mshitakiwa hupewa kipande cha mkate uliotiwa dawa akimeze. Ukipita salama, hana hatia. Ukimkwama kooni, yeye ndiye. Tuiache ile dawa, ambayo ni khatari peke yake. Mtu mwenye khofu mate humkauka, hilo kila mmoja wetu analijua tangu siku za mitihani, na chakula kikavu hakipiti. Kwa hiyo kiapo hiki nacho kilikuwa kinasoma ishara ya mwili! Lakini khofu ya mwizi na khofu ya mtu anayesingiziwa wizi, mate hayawezi kuzitofautisha. Na siku ya Morphus haikuwepo: kipande kimoja, koo moja, basi.

Karne ya 19 Ulaya ikaanza kuchukua vidole vya tabibu na kuweka sindano na karatasi badala yake. Huko Torino, Italia, Angelo Mosso alipata bahati (kama ni neno la kutumia) ya kukutana na mkulima aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa limevunjika, na kupitia pengo lile ubongo ulionekana ukipiga kama moyo. Mosso aliweka chombo cha kuandika mapigo yale. Saa sita mchana kengele za kanisa zikalia, na mistari kwenye karatasi ikapanda juu, ilhali mapigo ya mkono hayakubadilika vile. Mosso akamuuliza: kengele zimekukumbusha kwamba ulipaswa kusali? Akaitikia ndiyo, na mistari ikapanda tena. Kwa watu wengi hii ndiyo mara ya kwanza fikra ya mtu kuacha alama kwenye karatasi. Lakini angalieni: kuhusu sala, karatasi haikusema kitu. Ni Bertino aliyesema, tena baada ya kuulizwa.

Ngozi nayo ikafuata. Féré mjini Paris mwaka 1888 na Tarchanoff huko Urusi mwaka 1890 walionyesha kwamba umeme wa ngozi hubadilika mtu anaposhtuka au anapofikiri, na leo tunajua kwamba ni kazi ya vitezi vya jasho. Hapo mwanzoni mwa karne ya 20 Jung, huko Zürich, akaunganisha galvanomita na orodha ya maneno. Unatajiwa neno, unajibu neno la kwanza linalokujia, na sindano inatazamwa.

Niliwahi kufungwa waya za namna hiyo nilipokuwa mwanafunzi, miaka ya 80, kwa malipo madogo ambayo wakati ule hayakuwa madogo. Maneno yakasomwa: mti, mama, maji, kifo, fedha. Sindano ikawa inatembea kidogo kidogo. Lilipotajwa neno "simu" ikapanda mpaka ukingoni. Mtafiti, kijana mstaarabu sana, akashangaa, akarudia, ikapanda tena. Akaandika kitu kirefu katika daftari lake. Hakuniuliza. Wale waliokuwa nje ya nchi miaka ile sina haja ya kuwaeleza simu ya usiku kutoka nyumbani ilikuwa na maana gani. Hakuna aliyepiga simu ya kimataifa ili kukujulia hali, bwana. Sindano ilisema kweli tupu, ila sijui daftari lile liliandikwa nini.

Sasa tufike Marekani, ambako mchezo huu uligeuka kuwa jambo la jela. William Marston wa Harvard aliamini kwamba presha ya damu hupanda mtu anaposema uongo. Mwaka 1922 alimpima kijana mweusi wa Washington, James Frye, aliyeshitakiwa kumuua daktari, na ambaye alikuwa amekiri kisha akakana. Marston akasema: anasema kweli, hakuua. Jaji akakataa ushahidi huo usisikilizwe, Frye akafungwa maisha, na mwaka 1923 mahakama ya rufaa ikatamka kwamba njia ya kisayansi haiingii mahakamani mpaka ikubaliwe na wataalamu wa fani yake kwa jumla. Kauli hiyo ilitawala mahakama nyingi za Marekani kwa miongo kadhaa. Marston yeye akaja kubuni Wonder Woman, mwaka 1941, yule shujaa mwenye kamba ambayo ukifungwa nayo huwezi kusema uongo. Alichokosa mahakamani akakipata kwenye vikatuni!

Mahakama ilifunga mlango, polisi wakapitia dirishani. Huko Berkeley, California, mwaka 1921, John Larson, polisi mwenye shahada ya udaktari, alitengeneza chombo kinachoandika presha na pumzi kwa pamoja. Leonarde Keeler akakipunguza kikawa cha kubebeka, akaongeza kipimo cha ngozi, akakifanya biashara. Larson mwenyewe baadaye alikichukia alichokizaa, alipoona kinavyotumika kuwatisha watu mpaka wakiri. Na hapa tuseme ukweli: katika hilo kilifanya kazi vizuri sana. Mtu akiamini mashine inamjua, atasema mwenyewe. Lakini hilo hata mganga wa kijijini analiweza.

Tatizo lilikuwa swali. Ukimuuliza mtu, "Wewe ndiye uliyeua?" mwili wake utaruka kama ni yeye, na utaruka vile vile kama si yeye na anaiona jela mbele yake. Mwaka 1978 huko Toledo, Ohio, Floyd Fay alikamatwa kwa mauaji asiyoyafanya. Akiwa na hakika na nafsi yake, alikubali kupimwa na matokeo yatumike dhidi yake. Akashindwa. Akafungwa maisha, akatolewa mwaka 1980 baada ya wauaji wenyewe kujulikana. Alipokuwa ndani aliisoma mashine ile kwa makini, akawafundisha wafungwa 27 waliomkiria makosa yao, kila mmoja kwa dakika chache tu. Ishirini na tatu wakapita kama malaika. Na Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri tangu 1985, alipimwa mwaka 1986 na 1991, akapita mara zote mbili, mpaka alipokamatwa mwaka 1994.

Congress ilipiga marufuku mashine hii kwa waajiri wengi wa binafsi mwaka 1988, na mwaka 2003 Chuo cha Taifa cha Sayansi kikatoa ripoti ndefu kwamba haifai kuwachujia wafanyakazi wa serikali. Serikali iliendelea nayo.

Lakini mwaka 1959 mwanasaikolojia David Lykken alikuwa ameshaonyesha njia nyingine, na ukiitazama vizuri ni ile ile ya Galen. Usimuulize mtu kama ameiba. Mtajie vitu vitano: saa, pete, mkufu, bangili, pochi. Aliyeibiwa, mwizi na polisi ndio pekee wanaojua kipi kiliibwa. Asiyejua, vyote kwake ni sawa, na hata akitetemeka atatetemeka kwa vyote. Anayejua, kimoja kitamgusa. Kisha rudia kwa jambo lingine, na lingine. Polisi wa Japani wamekuwa wakitumia njia hii kwa miaka mingi. Marekani haikuvutiwa. Nadhani ni kwa sababu inataka polisi afanye upelelezi kwanza, afiche habari zisifike magazetini, ndipo aje na mashine.

Mtasema hayo ni ya moyo na jasho, ubongo je? Hans Berger, mjini Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na akatangaza mwaka 1929. Kilichomsukuma ni ajabu. Katika ujana wake jeshini alianguka kutoka juu ya farasi, akanusurika kusagwa na gari la mzinga, na siku hiyo hiyo baba yake akaleta simu ya maandishi kuuliza hali yake kwa sababu dada yake alikuwa ameingiwa na wasiwasi. Berger akaamini fikra zilisafiri, akatumia maisha yake kutafuta nguvu hiyo. Hakuipata. Alichopata ni mawimbi ya kama mara kumi kwa sekunde, ambayo hutulia mtu akifumba macho na huvunjika akifumbua, au akipewa hesabu. Yaani aliipata alama ya umakini, si ya fikra yenyewe. Mwaka 1965 Sutton na wenzake wakapata wimbi jingine, linalotokea kama thuluthi ya sekunde baada ya mtu kukutana na kitu kisichotarajiwa chenye maana kwake. Kina Lykken wakafurahi, na kwa haki.

Halafu tazameni kilichotokea Pune, India, mwezi wa sita 2008. Mwanamke kijana alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumtilia mtu sumu, na sehemu ya ushahidi ilikuwa umeme wa ubongo wake. Alikaa kimya amefumba macho huku akisomewa sentensi kama vile amenunua arseniki, na programu ya kompyuta ikasema ubongo huu unakumbuka, si kusikia tu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaamua kwamba mtu hawezi kulazimishwa kupimwa hivyo, maana ni kumfanya ajishuhudie mwenyewe.

Hivi sasa habari iko mipakani, na ndiyo sababu nimeandika. Kati ya 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya ulilipia mradi uitwao iBorderCtrl, uliojaribiwa katika Hungary, Ugiriki na Latvia: msafiri anajibu maswali mbele ya kamera, na kompyuta inatazama vijitendo vya uso wake kutafuta uongo. Sheria ya akili bandia ya mwaka 2024 imekataza mashine za kusoma hisia za watu makazini na mashuleni, isipokuwa kwa tiba na usalama, na katazo hilo lilianza mwezi wa pili 2025. Kwa uhamiaji, hifadhi na ulinzi wa mipaka, vyombo vya aina ya poligrafu vimetajwa katika sheria hiyo hiyo kuwa vya khatari kubwa, vya kuwekewa masharti. Havikukatazwa.

Kama kuna mwenzetu aliyewahi kupitishwa kwenye chombo cha namna hii, kokote kule, ningependa kujua aliulizwa maswali gani, na kama yalirudiwa.