Kila Nakala na Mkono Wake

Msomaji wa visiwani akilisikia jina la Matongo, namwomba asicheke. Kwetu sisi matongo ni uchafu wa jicho, ule anaoamka nao mtu alfajiri kabla hajanawa uso. Kule Mara, katika Wilaya ya Tarime, Matongo ni nchi ya Wakurya, jirani na Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Neno ni lile lile kwa herufi na kwa sauti. Mahali pamebadilika, na maana nayo imehama. Naanza na jina hilo kwa kuwa jambo ninalotaka kulieleza ni la namna hiyo hiyo: jina moja, na chini yake vitu viwili.

Nilipokuwa mgeni huko, jioni moja nilisimama mbele ya kibanda cha gemu kando ya barabara. Vijana wawili walikuwa wakicheza mpira wa kwenye kioo, lakini mabishano yao yalikuwa makali kuliko mchezo. Mmoja alisema gemu ile siyo yenyewe. Yenyewe aliicheza Musoma, nayo ilikuwa nyepesi, wachezaji wanaruka kama swala. Mwenziwe akamjibu kuwa gemu ni moja, uzito ni wa vidole vyake. Waliponiona wakaniamkia, "Shikamoo mzee," kisha wakanitaka niwaamulie. Sikuwa na la kusema. Umri wangu nimeumalizia kwenye tenzi na tafsiri, na nilidhani habari za nakala kutofautiana ni habari za vitabu tu. Niliporudi kwangu nikatafuta, nikaona kuwa kijana yule wa kwanza huenda hakukosea, na kwamba ubishi wao una historia.

Asili ya jambo ni televisheni. Japani na Marekani zilifuata utaratibu uitwao NTSC, ambao picha huburudishwa takriban mara 60 kwa sekunde. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi, na za kwetu pia, zilifuata utaratibu wa PAL, wenye mistari 625 badala ya 525, lakini wenye mapigo 50 tu kwa sekunde. Zanzibar ilipofungua televisheni yake ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, yapata miaka ishirini kabla ya Bara kupata yake mwaka 1994, ilikuwa ya PAL. Gemu nyingi za zama hizo zilitungwa Japani, na mwendo wake ulifungwa kwenye mapigo ya picha. Zilipohamishiwa mashine za PAL, watengenezaji wengi hawakujisumbua kuirekebisha hesabu. Basi mchezo ukaenda kwa sehemu tano katika sita za kasi yake, na mara nyingi muziki nao ukavutika, wimbo wa dakika tano ukachukua dakika sita. Picha ikabanwa, na juu na chini ya kioo ikabaki mikanda miwili myeusi. Sonic the Hedgehog, mchezo wa kampuni ya Sega wa mwaka 1991 uliojengewa sifa yake yote juu ya mbio, uliwafikia watoto wa Ulaya ukiwa umepunguziwa mbio hizo.

Mpenzi wa ushairi atalifahamu hili upesi. Hakuna neno lililofutwa wala mstari uliokatwa, ila mahadhi yamelegezwa, na shairi lililolegezwa mahadhi si lile lililotungwa. Linalonigusa zaidi ni kwamba aliyekulia ndani ya nakala ile nzito hakujua kuwa ni nzito. Kwake yeye hiyo ndiyo iliyokuwa asili.

Hata huo mpira wa kwenye kioo una majina zaidi ya moja. Mchezo wa kampuni ya Konami ulioitwa Winning Eleven huko Japani uliuzwa Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer. Na kwa kuwa haki za majina ya klabu zilikuwa mali ya wengine, katika matoleo kadhaa Chelsea iliandikwa London FC na Arsenal ikawa North London. Kila mchezaji alijua ni nani aliyefichwa nyuma ya jina, kama msikilizaji wa mafumbo anavyojua ni nani anayesemwa.

Hayo ni ya mwendo na majina. Yako na mabadiliko ya makusudi, na kisa kinachotuhusu watu wa pwani zaidi ni cha mchezo wa Kijapani wa mwaka 1987 uitwao Yume Kojo: Doki Doki Panic. Hadithi yake ni hadithi ya kitabu. Watoto pacha wanagombea chuo cha hekaya, na katika kuvutana wanaichana karatasi ya mwisho. Karatasi hiyo ndiyo iliyoeleza kushindwa kwa jitu baya. Ilipochanika, kushindwa kwake nako kukafutika, jitu likatoa mkono kutoka kitabuni likawanyakua watoto. Wanaokwenda kuwaokoa ni watu wa nyumba moja, wamevalishwa mavazi ya Kiarabu, nao hupanda zulia lirukalo kama katika Alfu Lela Ulela.

Kampuni ya Nintendo ilitaka kuipatia Marekani mwendelezo wa mchezo wake maarufu wa Mario. Mwendelezo uliokwisha kutolewa Japani mwaka 1986 ulionekana mgumu kupita kiasi kwa Wamarekani. Basi ikachukuliwa Doki Doki Panic, familia ile ikaondolewa, Mario na wenzake wakatiwa mahali pao, na mwaka 1988 ikauzwa kwa jina la Super Mario Bros. 2. Kitabu nacho kikaondolewa, hadithi ikageuzwa kuwa ndoto. Mwaka 1992 nakala hiyo ya Kimarekani ikarudi kuuzwa Japani kwa jina la Super Mario USA, kama neno la Kiswahili lililokwenda ughaibuni likarudi na lafudhi. Wenye mavazi ya Kiarabu walitoka, lakini zulia lao limebaki linaruka, na mtoto anayelipanda hajui limetoka hekaya gani.

Nisiwe dhalimu. Katika mchezo ule wa asili mlikuwa na kichwa cheusi chenye midomo minene cha kurushia maadui, mchoro wa dharau kwa watu weusi. Katika toleo la Marekani mahali pake pakawekwa gamba la kobe. Mhariri aliyefanya hivyo alifanya vyema. Kwa hiyo sisemi kwamba kila badiliko ni uharibifu, au kwamba nakala ya kwanza ndiyo bora siku zote. Sisi tunaofasiri tunajua kuwa mkono wa pili huweza kutengeneza kilichopindishwa na wa kwanza.

Lakini ni nani anayeamua kipi kitoke, na kwa masikio ya nani? Mwaka 2008 kampuni ya Sony ilikuwa tayari kuutoa mchezo wa LittleBigPlanet, uliotengenezwa Uingereza. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa Toumani Diabaté, bingwa wa kora kutoka Mali, aliyefariki mwaka 2024. Siku chache kabla ya kuuzwa, mchezaji mmoja Mwislamu akaeleza kuwa katika wimbo ule mna maneno mawili ya Kurani, naye akahofia kwamba kuyachanganya na muziki kungewaudhi Waislamu. Sony ikarudisha santuri zilizokwisha kusambazwa, ikachelewesha mchezo, kisha ikautoa huku wimbo umebaki ala tupu bila sauti. Diabaté mwenyewe, Mwislamu na mtoto wa ukoo wa wanamuziki, alieleza kuwa kwao Mali si ajabu muziki kuchota katika maneno ya dini.

Hapa kuna Waislamu wawili, kila mmoja na haki yake, na nchi mbili zenye adabu mbili. Sitawahukumu. Natazama kilichotolewa tu. Maneno yale yanakumbusha kuwa kila nafsi itaonja mauti, na kuwa kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka. Msomaji wa Al-Inkishafi hahitaji kuambiwa zaidi, kwani hilo ndilo alilolililia Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoyatazama majumba ya Pate yamekuwa magofu. Jambo ambalo pwani yetu imelifanya kuwa kilele cha ushairi wake, kwingine lilionekana halifai kusikika katika mchezo.

Na Kiswahili chenyewe kimo katika habari hii. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV, akaupa jina la "Baba Yetu". Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, isipokuwa mpango wake umegeuzwa: maombi ya chakula na msamaha yanatangulia, na ombi la ufalme linakuja baadaye. Mara ya kwanza uliimbwa na kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 ukarekodiwa upya, safari hii na Soweto Gospel Choir, na ni toleo hilo la pili lililopata tuzo ya Grammy mwaka 2011, la kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Baadhi ya watu hudhani ni wimbo mmoja uliopigwa mara moja. Wala sala yenyewe haikutufikia katika nakala moja. Biblia ya Kiunguja ilikamilika mwaka 1891 na ya Kimvita mwaka 1914, na ilichukua hadi mwaka 1952 kupatikana Biblia moja ya muungano.

Hayo ya Biblia tunayajua kwa sababu kila toleo lina mwaka wake na mahali pake. Al-Inkishafi nayo tunayo kwa mkono wa Taylor, ndani ya kitabu cha Stigand cha mwaka 1915. Kwa mkono wa Hichens wa mwaka 1939. Na kwa mkono wa Allen wa mwaka 1977. Hazilingani, na kutolingana kwao hakutudhuru, maana tunajua ni nani aliyeshika kalamu. Wanakili wetu wa zamani walikuwa na ada ya kutia jina na tarehe mwishoni mwa kazi, wakiomba radhi kwa makosa.

Ada hiyo ndiyo inayokosekana katika gemu. Kubadili si kosa. Kosa ni kubadili na kunyamaza. Siku hizi ni zaidi, kwani gemu hurekebishwa kwa intaneti ikiwa imo ndani ya mashine ya mtu, na aliyelala na nakala moja huamka na nyingine. Mchwa aliyekula miswada ya Pate aliacha matundu, tukajua hapa palikuwa na neno. Marekebisho haya hayaachi tundu.

Nikijaaliwa kurudi Matongo nitawatafuta vijana wale niwape hukumu yangu, ingawa imechelewa. Nitamwambia wa kwanza kuwa masikio na vidole vyake ni vya kuaminiwa. Nitamwambia wa pili kuwa gemu si moja. Kisha nitawaomba wote wawili, wakitia santuri nyingine mashinemo, waandike juu ya kasha lake kwa kalamu imetoka wapi, mwaka gani, na inakwendaje.